Leonsia Aliyelipwa Kucheza Gemu

Leonsia Rwehumbiza alishuka Mwanza akitafuta kazi ya ofisini. Ilikuwa miaka ile ambayo mashirika ya umma yalikuwa yakipunguza watu, na hata wenye kazi walikuwa hawana uhakika wa kesho. Alizunguka na cheti chake cha kidato cha nne mpaka viatu vikaisha soli. Mwishowe akaangukia kwa mzee Ndalahwa, Msukuma aliyeacha biashara ya pamba, akaagiza mashine za gemu kutoka Dubai na kufungua banda jirani na kivuko cha kwenda Kamanga.

Kazi aliyopewa ni kukaa dirishani na kuuza sarafu za bati za kuchezea. Mashine iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya ngumi. Watu wawili walisimama bega kwa bega, kila mmoja na fimbo yake na vitufe vyake, wakipiganisha wapiganaji wa kwenye kioo. Aliyeshindwa alimpisha mwingine, aliyeshinda akaendelea bila kulipa. Pale dirishani Leonsia aliwaona wachezaji kwa nyuma tu, kwa hiyo akazoea kuyasoma mabega yao. Mtu akitaka kurusha pigo kubwa, bega lake lilimsaliti kabla ya mkono. Asubuhi aliagizwa kuzijaribu mashine kabla wateja hawajafika, na majaribio hayo yakawa yanarefuka kila siku.

Ndipo akaja Chenge, kijana wa Dar es Salaam aliyeleta vipuri vya magari. Alimpiga kila aliyesimama kando yake kucheza, mpaka watu wakaogopa kutumbukiza sarafu. Akabaki anapambana na mashine peke yake, wengine wamejaa nyuma yake wanatazama bure.

"Huyu atanifungia banda," Ndalahwa alinung'unika.

"Niache nicheze naye, mzee," Leonsia akasema.

"Wewe?"

"Kila asubuhi unanituma nizijaribu mashine. Hujawahi kuniuliza nazijaribuje."

Alitoka dirishani akasimama kando ya Chenge. Bega la Chenge lilipanda, Leonsia akakinga. Likapanda tena, akamwahi. Pambano halikuchukua muda. Chenge alimgeukia kama mtu aliyekutana na ng'ombe ghorofani.

"Rudia, sista."

Wakarudia, akapigwa tena. Wiki iliyofuata Ndalahwa alimweka mtu mwingine dirishani, Leonsia akawa analipwa mshahara wa kucheza na yeyote atakayejitokeza. Watu walitoka Igoma, wakatoka Buswelu. Wasafiri walioingia mara moja kupitisha muda waliachwa na kivuko. Chenge naye kila alipoleta mzigo Mwanza alipitia bandani kwanza, akapigwa, akaenda zake akiwaza.

Habari zikafika Muleba kwa baba yake, mwalimu mstaafu. Siku moja mwaka 1997 alitokea bandani amevaa koti lake la kanisani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimeambiwa unalipwa kucheza."

"Ni kweli, baba."

"Nimefundisha mpaka nimezeeka. Sijaona shule inayowalipa watoto wakati wa mapumziko."

Leonsia hakubishana. "Kesho kuna mashindano," alisema. "Njoo uone kwanza, halafu ukiniambia turudi nyumbani, tutaongea."

Mashindano hayo yaliandaliwa na waagizaji wa mashine wa Dar, na wachezaji walitoka mpaka Arusha na Kisumu. Mlangoni mwa ukumbi kijana mmoja alimwelekeza Leonsia upande wa wanaogawa soda. "Nimekuja kucheza," akamjibu, akapita. Aliwatoa wapinzani mmoja baada ya mwingine, hata fainali ikamkutanisha na Chenge.

Lakini Chenge alikuwa amegundua siri. "Huyu hatazami kioo, anatazama mabega yangu," aliwaambia waamuzi. Wakaleta ubao na kuusimamisha katikati ya wachezaji hao wawili.

Raundi ya kwanza Leonsia alipigwa vibaya. Alikuwa kama mtu aliyezimiwa taa. Baba yake alimwinamia jirani yake kwenye benchi.

"Pale kwenye kioo, binti yangu ni yule wa kulia au wa kushoto?"

"Wa kushoto, mzee. Huyo anayepigwa."

Leonsia alijifuta viganja kwenye sketi. Akajiuliza bila mabega anajua nini kuhusu Chenge, akagundua anajua mengi. Chenge hakuwa na subira. Akikingwa mara mbili mfululizo, lazima aruke. Raundi ya pili akakinga, akakinga tena, na Chenge aliporuka akakutana na teke angani. Ikawa sare.

Raundi ya mwisho Chenge akaacha kuruka. Alirudi nyuma, akangoja. Leonsia, ambaye siku zote alishinda kwa kungoja, akaona hapa wakingojeana hakuna kitakachotokea. Akaenda mbele. Alimbana kwenye kona ya kioo, akashambulia bila kumpa nafasi ya kupumua, mwenyewe akishangaa mikono yake ilikuwa wapi siku zote. Mpiganaji wa Chenge alipoanguka, ukumbi mzima ulisimama.

Baba yake alimfikia wa mwisho. "Sijaelewa ulichofanya," alisema, "ila nimeona ulivyopigwa ukatulia. Baki Mwanza."

Waagizaji wakampa mkataba. Alicheza Arusha, akacheza Nairobi, akilipiwa nauli na malazi kama mchezaji wa mpira. Mwaka 1999 walialikwa Kampala, timu za watu wawili wawili, na Leonsia akamchagua Chenge. Yeye alikinga, Chenge akaruka alivyopenda, wakarudi na kombe. Meli ilipotia nanga Mwanza, Ndalahwa alikuwa gatini amefunga banda mchana kweupe, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Makuli waliacha mizigo, wakalibeba kombe kwa zamu mpaka barabarani.

Mwisho wa mwaka ule Leonsia alifungua banda lake mwenyewe Igoma. Siku ya kwanza wa mbele kwenye foleni walikuwa wasichana wa ushonaji, bado wana futi za kupimia shingoni, na Leonsia akawaonyesha jinsi ya kushika fimbo.