Dubu-maji wa Magomeni

Kiherehere kimeniponza, wasomaji, na safari hii mbele ya mama mkwe.

Nafundisha baiolojia hapa Kilosa. Mtafiti mmoja, Daktari Rehema, aliniomba nimsaidie kukusanya dubu-maji, vijidudu vya miguu minane ambavyo huvioni bila hadubini. Wa kwenye mawe ya Mikumi na wa kwenye mapaa ya Magomeni, hapa hapa Kilosa, wanafanana kabisa, kwa hiyo vinasaba tu ndivyo vingeonyesha kama ni aina moja. Kazi yangu ilikuwa kuwatia kwenye vichupa, kwa mikono safi.

Siku ya Magomeni, mama mkwe akaniletea ugali kwa mbuzi, akakaa nje kusubiri vyombo vyake. Mkwe hasubirishwi. Nikala mbiombio, nikafuta vidole kwenye suruali yangu ya mtumba, nikarudi kazini.

Jana Daktari alikuja nyumbani na majibu. Mama mkwe alikuwepo, na nilishamwambia yeye na mtaa mzima kwamba nimegundua aina mpya.

"Mwalimu, wa Mikumi ni dubu-maji," alisema Daktari. "Wa Magomeni ni mbuzi."

Mama mkwe akanigeukia. "Mkwe wangu, si ndiye yule niliyekupikia?"