Riwaya Niliyomsomea Dada Akimenya Ndizi

Hapa Ihanda wengi wananijua kwa nyumba yangu ya bati la rangi, lakini mimi najivunia zaidi kabati langu la vitabu. Niliondoka na begi moja, nikajisomesha mjini hadi nikapata stashahada, nikarudi na vitabu vingi; katika kata hii sijaona wa kunifikia. Ndiyo maana watu huniuliza wasome nini.

Dada yangu hakuniuliza. Mumewe alipofariki na waombolezaji kutawanyika, alijifungia ndani. Migomba ilizidiwa na magugu, chakula akawa analetewa na majirani. Kilichonitisha zaidi ni kwamba mgeni akifika, hakutoa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa. Kwetu hata nyumba iliyoishiwa chumvi haikosi kahawa kavu kwenye kikapu kidogo. Ukimnyima mgeni, umemwambia asirudi.

Nilianza na kitabu kilichonijenga mimi, cha kupanga maisha na kufanikiwa. Nilimsomea sura nzima, kwa sauti yangu nzuri.

"Mdogo wangu," akasema, "huyo aliyeandika amewahi kuzika?"

Nikakifunga. Ni kitabu kizuri, bado nakipendekeza, ila si kwa mfiwa. Mfiwa mpe kitabu chenye watu wakorofi.

Kesho yake nilileta riwaya ya kuchekesha niliyoinunua Rubwera, ya mashangazi wawili wanaogombea mbuzi wa mahari. Nikamwekea dada ndizi na kisu, nikamwambia sisomi mpaka aanze kumenya. Akamenya kwa hasira. Nilipofika pale shangazi mmoja anapomficha mbuzi chini ya kitanda na wageni wanabisha hodi, kisu kikasimama.

"Akalia?"

"Nani?"

"Mbuzi, wewe!"

"Tutajua kesho," nikasema, nikaondoka. Mbinu hiyo ni yangu, sikufundishwa chuoni.

Tukaendelea hivyo kila alasiri, na ndizi alizomenya akawa anazipika mwenyewe. Siku moja nilichelewa kutoka Murongo. Nilimkuta amekaa mkekani na jirani yake, kikapu cha kahawa kikiwa katikati yao.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umechelewa, msomi. Huyu nimeshamsimulia mwanzo wote." Akanisogezea kikapu. "Tafuna kwanza, uchangamke. Jana ulisoma kama unasinzia, na leo mbuzi lazima apatikane."

Nikachukua kahawa, nikafungua kitabu.