Ubeti wa Chumba cha Bibi Harusi

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ya harusi ya dada yangu Mishi, kwetu Likoni, vita vya Wazungu vimekwisha na kitambaa cha marekani kimeanza kupatikana tena madukani. Nilikuwa msichana, na kwa kujiona malenga sikuwa na mfano.

Kupamba chumba cha bibi harusi ilikuwa kazi yetu sisi wadogo zake na mashoga zake. Wenzangu walitunga asumini, mimi nikachora. Juu ya kipande cha marekani nilichora, kwa rangi ya nili na udongo mwekundu, nyumba yetu: mlango u wazi, na kizingitini mitawanda ya Mishi, vile viatu vyake vya mti. Mtu sikumtia. Chini yake nikaandika:

Mlango umebakia, mwenyewe keshaondoka,
Mitawanda yalilia, mguu usiofika.

Nilijisifu, wallahi! Nilidhani utamu wa shairi ni machozi.

Mishi alikuwa anaolewa Changamwe, na siku zile Changamwe kwetu ilikuwa mbali. Aliposoma alijitupa kitandani akalia. "Siendi!" Mama akaja mbio, akakitazama kile kitambaa, akashika kichwa. "We mwana, umemchorea nduguyo matanga!"

Kweli. Mlango wazi na viatu visivyo na mwenyewe, kwetu ndivyo nyumba ya msiba ilivyo. Nilitamani ardhi inimeze. Na watu wa bwana harusi walikuwa wamekwisha vuka kivuko, baba yu karibu kuja kumwuliza Mishi kama ameridhia, na bila neno lake hapana ndoa.

Nikairukia picha niichane. Bi Mwanakombo, somo wa Mishi aliyemfunda mambo ya unyumba, akanishika mkono.

"Iwache. Picha haina makosa. Ni wewe uliyeiliza."

Akanikunjisha pale penye maneno, akanipa mengine niyaandike:

Mlango hatutatia, komeo ukiondoka,
Mitawanda yasalia, ni yako ukiitaka.

Picha ni ile ile, mwanangu, hata tone la rangi halikuongezwa. Mishi akafuta macho, akasoma, akarudia polepole.

"Mama, kweli hamutatia komeo?"

"Nani athubutu!" mama akajibu, analia na huku anacheka.

Punde baba akabisha. "Mishi!"

"Abee, baba."

"Umeridhia?"

"Nimeridhia, baba."

Vigelegele vilivyopigwa! Nami nikakaa chini palepale sakafuni kwa furaha. Hata leo nikikumbuka moyo hupoa.

Sasa nimeziona picha zako na beti unazozibandika chini yake. Mkono unao, mashaallah, lakini nisikilize. Picha ikishasema, ubeti usiirudie kama kasuku. Picha yenye upweke haitaki mtu wa kuililia, yataka wa kuisemesha. Kabla hujaandika, jiulize nani ataamka asubuhi aitazame, na moyo wake u hali gani. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, sembuse mtu mwenye hofu? Kumliza mtu ni kazi rahisi, mwanangu. Mimi niliiweza kabla sijajua lolote.

Nenda, Mungu aubariki mkono wako na ulimi wako, na kila atakayesimama mbele ya kazi yako aondoke moyo wake mwepesi. Amina.