Blauzi ya Mikono Minane

Mama yangu aliacha kwenda kanisani kwa sababu ya nguo. Waumini wenzake Wamoraviani walidhani ni ugonjwa, nami nikawaacha wadhani hivyo. Kiharusi kilikuwa kimemkaza mkono wa kushoto, ukajikunja kifuani, haunyooki wala hauinuki. Kumvalisha gauni ilikuwa vita kila tulipojaribu. Mimi navuta, yeye anauma meno, mwisho ananiambia nimwache na kanga zake. Mwanamke aliyelima tumbaku Usoke mpaka akatusomesha, leo anavutwavutwa kama mtoto mchanga, tena na binti yake ambaye ni fundi cherehani. Niliona aibu kuliko yeye. Nilitaka kitu kimoja tu: atoke ndani ya nyumba yangu ya Chemchem, akae kwenye benchi lake kanisani, aimbe.

Tukiwa katika hali hiyo, akaja kibandani kwangu bibi mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa hapahapa Tabora, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Miaka yote yeye ndiye alikuwa akimshonea nguo mungu wao wa kike pale hekaluni. Sasa macho yamefifia, wenzake wengi wamehama mji, na sikukuu imekaribia. Hakutaka mungu wake aisherehekee na nguo za mwaka jana.

"Vipimo vyake unavyo?" nikamuuliza.

"Twende ukamwone," akasema.

Nilivua viatu mlangoni. Tangu utotoni nimefundishwa habari za ndama wa dhahabu, kwa hiyo nilitegemea kuona kitu cha kutisha. Nikamkuta mama wa marumaru nyeupe, amekaa juu ya simba, na mikono minane. Huu umeshika upanga, ule mkuki wa ncha tatu, mwingine ua, mwingine umefunguliwa kiganja kama anayekwambia usiogope. Na silaha zote hizo, uso umetulia, anatabasamu kidogo.

"Mikono yote hiyo ya nini?" nikauliza. Mimi siwezi kunyamaza.

"Kazi ni nyingi," bibi akajibu. "Wewe miwili inakutosha?"

Nikacheka. Kwa kweli hainitoshi.

Sikuruhusiwa kumgusa. Bibi alizungusha tepu, mimi nikasoma namba kwa mbali. Kabla ya kugusa kila mkono alimwomba radhi kwa sauti ndogo. Akanieleza kwamba kila asubuhi huamshwa, huogeshwa na kuvalishwa, na jioni hulazwa. Nikawaza, mungu gani wa kuogeshwa? Halafu nikakumbuka beseni la maji ya uvuguvugu nililoliacha nyumbani, na wazo lile likanikaa vibaya. Wakati natoka akanionya: kitambaa kisiguse sakafu, na nisikate uzi kwa meno. Nimekata uzi kwa meno tangu nianze ufundi, kwa hiyo wiki ile nilishona nimeufumba mdomo.

Mama alipokiona kile kitambaa chekundu na lesi ya dhahabu akauliza ni harusi ya nani. Nikamweleza ukweli. Akaniangalia weee, kisha akasema, "Nimekuzaa, nimekubatiza, leo unamshonea sanamu." Akaninunia. Chakula anakula, salamu anaitikia kwa Kinyamwezi tu, basi. Iliniuma, lakini nami kichwa changu kigumu nimekirithi kwake, nikaendelea.

Blauzi ikakamilika, mikono minane, imepigwa pasi safi. Nikaipeleka hekaluni, bibi akajaribu kumvalisha mungu wake. Mkono wa kwanza haukupita. Nilikuwa nimeshona kama ninavyomshonea binadamu, na binadamu hukunja kiwiko, huachia alichokishika. Jiwe halifanyi hivyo. Nikamwambia bibi avute kidogo tu, kitambaa kitakubali.

Akanigeukia. "Usimvute! Mama havutwi. Nguo ndiyo imfuate alivyo."

Akanirudishia blauzi. Nilitembea hadi kibandani bila kumsalimia mtu, wenye maduka jirani wakadhani nimefiwa.

Nikaifumua yote. Kila mkono wa blauzi nikaupasua kuanzia shingoni, kupitia begani, hadi kwenye kifundo, nikaweka ule mkanda wa kunata wa viatu vya watoto, lesi ikaufunika. Sasa blauzi ilitandazwa mbele ya kifua na kufungwa juu ya kila mkono, na upanga wake ameushika vilevile. Bibi alipobandika wa mwisho alirudi nyuma, akafuta macho kwa ncha ya sari. Akanitumia picha kwenye simu.

Picha ile sikumwonyesha mama. Yeye ndiye aliyeiomba, jioni tunachambua mchicha.

"Hebu nimwone huyo wako."

Akaishika simu kwa mkono mzima, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Nilijua maneno yanakuja, nikajiandaa kujibu.

"Kumwabudu, simwabudu," akasema. "Ila amependeza." Akanirudishia simu. Kisha, bila kuniangalia: "Mikono minane umeiweza. Huu wangu mmoja umekushinda nini?"

Nilitamani ardhi inimeze. Miezi yote ile nilikuwa navuta, wala haikunijia kwamba gauni ndilo lenye kosa. Nikainuka na mchicha nikauacha palepale.

Nilimshonea gauni la kitenge cha bluu, bega la kushoto limefunguka hadi kiunoni, mkanda umejificha chini ya mshono. Jumapili nikaingia nalo chumbani kwake, tayari kumvalisha. Akalipokea, akalitandaza kitandani, akafungua na kufunga, akafungua tena.

"Toka nje," akaniambia. "Mtu mzima anavaa."

Nikatoka, mlango ukafungwa nyuma yangu. Nilisimama pale nikisikia mkanda unabandikwa vibaya, unabanduliwa, unabandikwa tena, na katikati yake mama anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Nililia mpaka kifua kikauma. Mlango ulipofunguliwa, gauni limemkaa vizuri, kitambaa kichwani amejifunga mwenyewe, upande kidogo.

Siku ile kanisani tulichelewa, kwa sababu aliyekuwa bado hajavaa ni mimi.