Kidole cha Mke Mkubwa

Juma lililopita Nachingwea kulikuwa na kongamano la wataalamu wa kutambua watu kwa alama za vidole. Nje ya ukumbi waliweka mashine ili kila mpita njia ajaribu. Sijui nani aliwashauri. Akaja mzee mmoja wa Nkowe na wake zake wawili.

Mke mdogo akaweka kidole. Mashine ikasoma papo hapo.

"Hongera, mama! Alama safi kabisa," mtaalamu akamsifu.

Mke mkubwa akaweka chake. Kimya. Akakifuta kwenye kanga, akarudia. Kimya tena.

"Mama, alama zako zimefutika. Unafanya kazi gani?"

"Nabangua korosho, mwanangu. Yale mafuta ya maganda yanaunguza ngozi." Akamtupia mwenzake jicho kali. "Na huyu msafi tuna shamba moja. Akiona moto wa kubangulia tu, kichwa kinamuuma."

Mke mdogo akaficha mikono ndani ya kanga. Mume akacheka. "Acha wivu, mke wangu."

Hapo ndipo alipokosea. Mke mkubwa akamshika mumewe mkono, akambandika kidole gumba kwenye mashine. Ikasoma papo hapo.

"Hongera, baba!" akasema mama. "Alama safi kabisa."

Wataalamu wanasema alama za vidole humfichua mwizi. Hawakutuambia kwamba humfichua hata mume. Na mimi nilipoitwa kwenye mashine, mke wangu akiwa kando ananitazama vidole, nikasema nawahi gari la Ruangwa.