Proksi Niliyoijenga kwa Hasira

Sina digrii, na sijaitafuta. Nina diploma ya kompyuta niliyoisomea Mwanza, nikijisomesha kwa kubeba mizigo stendi, na hiyo diploma ndiyo iliyojenga nyumba yangu ya mtaa wa Kalangalala, hapa Geita, yenye ghorofa moja na tangi juu. Nasema hivyo kwa sababu yuko mtu Geita aliyewahi kunihakikishia kwamba karatasi ile ingenifikisha kwenye kufuta vumbi tu.

Alikuwa mkuu wangu wa kwanza. Tulifanya kazi kwenye maabara binafsi inayopima sampuli za dhahabu: wachimbaji wadogo wanaleta mawe na mchanga kwenye vifuko, maabara inawaambia kuna dhahabu kiasi gani ndani yake. Yeye alisimamia kompyuta zote. Mimi alinipa brashi. Wageni wakija ananitambulisha, "Huyu ni fundi wetu wa kibodi," nao wanacheka, nami nacheka ili nisifukuzwe. Nilimwonya mara mbili kwamba seva inatoa mlio mbaya. Ilipokufa, na matokeo ya wiki tatu yakafa nayo, alisimama mbele ya mwenye kampuni akasema, "Mama, shida ya hawa wa diploma ndiyo hii." Jioni ile nilikuwa kwenye basi la kurudi nyumbani Kagongwa.

Nilikwenda Maskati. Nilianza kwa kuvuta nyaya chini ya sakafu ya jengo la seva, nikamaliza miaka tisa nikiwa naamuru watu wenye digrii mbili mbili. Niliporudi na kufungua ofisi yangu, sikupeleka barua ya kuomba kazi pale maabara. Nilisubiri waniite. Waliniita.

Mwenye kampuni ni mama wa Kihindi aliyezaliwa Shinyanga mjini, na Kisukuma chake kinazidi changu. Nilipoingia ofisini kwake nilimwamkia, akaitikia kama anayemwita mwanawe, "Marahaba, ng'wanawane. Umenenepa." Kisha akasema shida. Siku hizi maabara ilikuwa na seva moja kubwa iliyobeba kompyuta pepe saba, yaani kompyuta zisizo na umbo lake, zinazoishi ndani ya hiyo moja kama wapangaji. Nakala za akiba zilikuwa hazimaliziki. Zilianza usiku zikaburuzika hadi mchana, na mizani ya maabara, iliyounganishwa na kompyuta hizo, ikawa inaganda wachimbaji wakiwa dirishani.

Mkuu wangu wa zamani alikuwa ameketi kando, mvi zimemwingia, miwani kichwani.

"Karibu sana, fundi," alisema. "Maskati kuna vumbi?"

"Lipo, Mkuu. Lakini kule wanalifuta wakuu wenyewe."

Mama alikohoa. Kazi nikapewa.

Tatizo nililiona kwa saa moja. Seva ya nakala ilikuwa inapanga ratiba, inasoma data, inaibana na kuibeba hadi ghala la nakala, yote peke yake. Ni kama mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, kushuka chini, kupandisha mawe na kuyapeleka kwenye karasha, mashine ya kuyasaga, kwa mgongo wake mwenyewe. Kinachotakiwa ni mbebaji, na mbebaji huyo kwa lugha yetu ya kompyuta ni proksi. Nikajenga mbili. Moja niliiweka kama kompyuta pepe ndani ya ile seva kubwa, kwa sababu ikiwa humo inaweza kujitundikia diski ya jirani yake, ikasoma kila kitu kwa kasi, kisha ikaitundua. Ya pili ilikuwa mashine ya kushikika, niliyoifunga chumba cha getini pamoja na ghala la nakala, mbali na jengo kuu. Usiku wa kwanza nakala zote zilikwisha kabla ya alfajiri. Nilichapa ripoti kwa rangi, nikabandika moja mlangoni kwa mkuu.

Mwongozo niliuandika kwa Kiswahili, kurasa nne. Ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene: usiifute proksi hii kabla ya kuhakikisha haina diski ya mwenzake. Nilipomkabidhi aliutumia kuwekea kikombe cha chai.

"Mimi nisome mwongozo wa diploma?"

"Ni kurasa nne tu, Mkuu. Hata wa kibodi ni mrefu kuliko huo."

Ilikuwepo desturi pale iliyotoka kwenye karasha. Karasha likisaga wiki nzima, Jumapili linazimwa lipoe. Mkuu alikuwa ameihamishia hata kwenye kompyuta pepe ya maabara: kila Jumamosi jioni anaizima, "nayo ipumzike," kana kwamba ina chuma cha kupata moto. Nilimweleza kwamba kitu kile hakichoki. Akaniambia nimekaa sana kwa Waarabu.

Jumapili moja umeme ulikatika, jenereta ikachelewa kuwaka, na nakala ya siku ile, ambayo Jumapili ilikuwa inakwenda asubuhi, ikavunjika katikati. Nilikuwa nimetoka kanisani. Nilifungua kompyuta mpakato mezani nikaona diski ya kompyuta ya maabara imebaki imening'inia kwenye proksi yangu. Kwa kuwa maabara yenyewe ilikuwa imezimwa ipumzike, hakuna kitu kilichokuwa kimeishikilia ile diski. Mtu akifuta proksi, anafuta na maabara.

Mkataba haukuniruhusu kugusa chochote bila ruhusa ya mkuu. Nilimwandikia baruapepe, nikaeleza vizuri, nikaambatisha picha. Nilijua hasomi baruapepe zangu. Simu yangu ilikuwa pale pale karibu na sahani. Nilimaliza samaki wangu, sato wa Nkome, nikanawa mikono.

Jumatatu asubuhi alimwita Mama kwenye chumba cha seva. Nilisimuliwa na mhudumu wa mapokezi aliyekuwa amesimama mlangoni. Mkuu alisema: "Tazama, Mama. Mashine yake hii mchana kutwa imelala, inakula nafasi bure. Halafu tazama hapa, kaning'iniza data yetu kwake. Huu ni wizi." Akaifuta pamoja na diski zake zote, mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe. Kisha akaenda kuiwasha maabara, na hakukuwa na maabara ya kuwashwa.

Nilipofika, wachimbaji walikuwa wamejaa getini. Mama mmoja wa Kisukuma mwenye kifuko cha sampuli alinishika mkono. "Baba, wanasema majibu yetu yamefutika. Ni kweli?"

"Yatarudi leo, mayo," nilimwambia, kama ninavyomwita mama yangu, na siku hiyo ni yeye peke yake niliyemwonea haya.

Niliyarudisha kwa proksi ya getini, kutoka nakala ya Jumamosi usiku, iliyochukuliwa baada ya maabara kuzimwa. Jumapili hakuna kilichopimwa, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Kazi ilichukua hadi saa tisa alasiri. Ningeweza kuifanya kimya, lakini kila hatua niliitangaza kwa sauti, na kila hatua niliuliza, "Mkuu, naruhusiwa kuendelea?" Aliitikia kwa kichwa mara tisa. Nilihesabu.

Kabla sijaandika ripoti alinifuata nyuma ya jenereta.

"Mdogo wangu. Andika ni umeme."

"Umeme nitauandika. Uko kwenye ukurasa wa kwanza."

"Halafu uishie hapo. Nina watoto wawili chuo. Mama akijua kwamba kile nilichofuta mbele yake ndicho kilichoiua maabara, kwenye seva sibaki."

"Nami nilikuwa na mama wa kulisha Kagongwa, Mkuu. Siku ile wewe uliishia wapi?"

Nilikwenda kuandika: saa, dakika, akaunti iliyotumika, kitufe kilichobonyezwa, na jina lake lote na cheo. Baruapepe yangu ya Jumapili niliiambatisha.

Mwenye kampuni aliisoma yote mbele yetu wawili, taratibu, akifuata mistari kwa kidole. Alipofika kwenye baruapepe akaniangalia juu ya miwani.

"Uliiona jana."

"Niliiona, Mama. Nikaandika."

"Simu huna?"

"Ninayo."

Aliifunga ripoti, nami sikuinamisha macho. Kisha akamgeukia mkuu, akanyoosha mkono, akapokea ufunguo wa chumba cha seva. Hakumfukuza. Alimhamishia stoo ya vifuko vya sampuli, ahesabu vilivyoingia na vilivyotoka. Ufunguo nilipewa mimi, bila neno la pongezi.

Sasa ni mwezi wa nane tangu siku ile. Kutoka getini kwenda chumba cha seva kuna njia ya mkato isiyofika stoo. Mimi huwa napita stoo, ufunguo ukiwa mkononi.