Bakuli la Kimanga Ng'ambo

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nilipowakana watu wangu kwenye meza ya chakula. Usicheke. Petro alizinduliwa na jogoo; mimi nilizinduliwa na maharagwe.

Nilikuwa fundi wa injini za treni pale Voi, miaka ya sabini mwanzoni, nikapelekwa Uingereza miezi sita kuongeza ujuzi. Ungeniona na ile suti! Wenzangu darasani waliponiuliza kwetu ni wapi, niliwaambia Nairobi, nyumba ya ghorofa, baba ana gari. Baba gani? Baba yangu alikuwa na majembe mawili na ng'ombe mmoja kule Werugha, milimani Taita, na mama aliteremsha kabeji mgongoni hadi sokoni. Lakini kijana akivaa tai mpya, humsahau aliyemzalia hiyo shingo.

Basi mwalimu wetu, mzee Mwingereza mpole, akatualika chakula cha mchana kwenye hoteli ya Wahindi. Lo! Nilisimama mlangoni nimepigwa na butwaa. Nje theluji, ndani harufu ya bizari na vitunguu vinavyokaangwa, ile ile ya nyuma ya maduka ya Voi. Wiki saba nilikuwa nakula viazi visivyo na ladha. Machozi yakanilengalenga, nikasingizia baridi.

Mwalimu akatutaja kwa mhudumu mmoja mmoja, nami akanitaja: Mwadime. Haukupita muda jina likafika jikoni, akatoka bibi wa Kihindi, mvi tupu, unga mikononi, akanijia moja kwa moja.

"Mwadime? Wewe ni Mtaita. Unatoka Voi?"

Kiswahili safi, mwanangu, huko kwenye theluji! Wenzangu wote wakanigeukia. Nikamjibu kwa Kiingereza, ili wasikie: mimi ni wa Nairobi, Voi siijui.

Uso ukamshuka. Akaomba radhi, akarudi jikoni.

Tukala. Mimi nakata chapati kwa kisu na uma. Chapati, jamani! Tulipokaribia kumaliza, mhudumu akaniwekea bakuli ambalo hakuna aliyeliagiza. Viazi na maharagwe vilivyopondwa pamoja. Kimanga! Chakula chetu Wataita, kile mama alichonipondea nikitoka shule. Nikaonja kijiko kimoja, nikakiweka chini. Yule bibi alijua nimedanganya, na bado alinipikia.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia kwenye bakuli lile. Nikasimama, nikawaambia wenzangu: "Kwetu ni Werugha. Wazazi wangu ni wakulima. Gari hatuna." Kisha nikabeba bakuli hadi jikoni.

Bibi alikuwa akimenya vitunguu. "Nisamehe, mama," nikasema. "Mimi ni mtu wa Voi."

Akaweka kisu chini. "Kimanga nilifunzwa na mama mmoja wa Werugha, aliyekuwa akiniletea kabeji dukani. Mimi nilizaliwa Voi, kijana. Sisi Wahindi tuliponyimwa na serikali kibali cha duka, tukaondoka, nami nililia kuanzia stesheni. Wewe hakuna aliyekufukuza. Mbona unaikimbia?"

Akachukua birika la maji ya vuguvugu, akaninawisha mikono kama mtoto, nikala kwa mkono, nimesimama. Akaniuliza jambo moja tu.

"Mlima Sagalla, asubuhi, bado unajifunika wingu?"

"Bado, mama. Jua likipanda ndipo wingu linaondoka."

Akafumba macho. Mwanangu, niliogopa hata kutafuna. Mlima ule niliupita kila siku nikienda kazini, wala sikuujali, kumbe ng'ambo ya bahari kuna mtu anaulilia. Sijapata kuona mapenzi kama yale tena.

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, na mimi nilikuwa mtumwa aliyevaa tai. Kwa hiyo nisikilize. Ukiulizwa kwenu ni wapi, taja, na sauti isikike. Usilionee haya jembe lililokusomesha. Na kesho ukiamka kusafiri, kabla ya kushika hiyo simu yako, itazame Sagalla. Itazame pia kwa niaba ya yule bibi, maana yeye hakurudi kuiona.

Nenda, mwanangu. Mungu akufikishe mbali, akurudishe salama, na kila utakapofika akukutanishe na mtu wa kukunawisha mikono.